Mwanangu anasema si mimi niliyeacha pombe

BARUA

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mrina asali wa huku Sikonge, mkoa wa Tabora. Nina mke, watoto, na mizinga porini, mingi ya magogo na michache ya kisasa. Jambo lenyewe si la ndoa wala la shamba, kwa hiyo huenda ukacheka. Cheka, ila unijibu.

Zamani nilikuwa mlevi. Sisemi mnywaji, nasema mlevi: wanzuki asubuhi, gongo jioni, asali ya msimu mzima inaishia kilabuni na watoto hawana sare za shule. Kisha nikaacha. Ulikuwa msimu ambao marehemu baba mkwe alinichukua kambini, tukakaa huko porini hadi mavuno yakaisha. Niliporudi nikamwambia mke wangu kuanzia sasa pesa za asali anashika yeye. Nikaacha na kupita njia ya kilabuni. Mpaka leo nazunguka nyuma ya zahanati. Sijagusa tena, hata togwa iliyolala siinywi. Mtaa mzima unajua. Vijana wakianza kupotea wazazi wao huwaleta kwangu, na mimi huwaambia: mimi niliamua mwenyewe, nikaacha, na wewe amua.

Mdogo wangu wa tumbo moja bado anakunywa. Mke wake alishaondoka, naye amepanga chumba mgongoni mwa kilabu. Msimu uliopita nilimkabidhi ndoo sita za asali apeleke Tabora mjini kwa mnunuzi wetu, tatu zake, tatu zangu. Alirudi bila ndoo na bila pesa. "Kaka, shetani alinipitia." Nikamjibu, huyo shetani mbona mimi hanipitii? Mimi niliweza, wewe unashindwa nini? Tangu hapo salamu zetu ni za mbali.

Sasa mwanangu mkubwa anayesoma chuo kaja likizo. Tulikuwa chini ya mwembe baada ya kula, na baba yake mdogo kaja kumsalimia. Nikaanza nasaha zangu zile zile. Kijana akasema, tena kwa adabu, "Baba, samahani, lakini si wewe uliyeacha pombe." Akaeleza kwamba mwaka 1983 kuna Mmarekani aliwafunga watu nyaya kichwani akakuta ubongo unaanza kazi kabla mwenyewe hajajua kuwa ameamua. Kwamba kila jambo lina sababu, na sababu ina sababu yake, hadi unafika kabla hujazaliwa. Na kama yapo mambo yanayotokea bila sababu, hayo ni bahati nasibu, na bahati nasibu si uamuzi. Kwa hiyo hiari, anasema, si kitu tulichokikosa tu. Ni wazo linalojipinga lenyewe.

Mdogo wangu alifurahi kama aliyeshinda kesi. "Kumbe kaka ulibahatika, na mimi sikubahatika. Basi deni hakuna." Mke wangu naye akasema kutoka jikoni kwamba yeye siku zote alijua ni Mungu aliyeniachisha.

Mjomba, usiku ule sikulala. Naona nimenyang'anywa kitu. Kama si mimi niliyeacha, vijana wanaoletwa kwangu niwaambie nini? Na msimu unakaribia. Mdogo wangu anataka twende wote kambini, tugawane kama zamani, na zile ndoo zangu tatu ameshazifuta. Nimdai au nimwache? Na kijana yuko sahihi?

Mrina asali, Sikonge

JIBU

Marahaba, mpwa wangu. Sijacheka, ila kuna mahali kwenye barua yako nimetabasamu, nitakuonyesha tukifika.

Nianze na Mmarekani wa nyaya, maana kati ya hoja zote alizoleta kijana hiyo ndiyo nyepesi. Anaitwa Benjamin Libet, wa California. Aliwaambia watu wakunje kifundo cha mkono wakati wowote watakaojisikia, huku wakitazama nukta inayozunguka kwenye uso wa saa, kisha waseme nukta ilikuwa wapi pale walipohisi kutaka. Umeme wa ubongo ulianza kupanda kama nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, na ile hisia ya kutaka ikaja kama sekunde 0.2 tu kabla. Libet mwenyewe hakutangaza kwamba hiari imekufa. Alidhani katika kile kipande kilichobaki mtu bado anaweza kulizuia tendo. Baadaye, mwaka 2008, watafiti wa Leipzig walisema wanaweza kubashiri sekunde kadhaa kabla mtu atabonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia, lakini walipatia mara 60 hivi katika 100, na kubahatisha tu kunakupa 50. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake, huko Ufaransa, wakaonyesha kwamba ule umeme unaopanda unaweza kuwa msukosuko wa kawaida wa ubongo usiokoma, na mkono hukunjwa pale msukosuko unapovuka kiwango fulani. Maana yake huenda hapakuwa na uamuzi wowote uliojificha nyuma ya pazia.

Lakini hata wangepatia mia kwa mia nisingetikisika. Wale watu waliambiwa wasipange na wasiwe na sababu yoyote. Hakuna aliyewahi kusifiwa wala kufungwa kwa kukunja kifundo cha mkono bila sababu. Wewe ulikuwa na sare za shule zinazokosekana na mke anayekutazama.

Hoja yake ya pili ndiyo yenye meno. Mwanafalsafa wa Uingereza, Galen Strawson, aliipanga vizuri mwaka 1994. Unatenda unavyotenda kwa sababu ya jinsi ulivyo. Ili uwajibike kabisa kabisa kwa unachotenda, ingebidi uwajibike kwa jinsi ulivyo. Sasa, ili ujifanye ulivyo, ingebidi awepo wewe wa kabla yake, mwenye tabia na matamanio fulani, aliyekaa akachagua. Na huyo nani alimfanya? Mnarudi nyuma namna hiyo hadi tumboni mwa mama, na kule hakuna aliyechagua kitu. Ukikimbilia kwa wanafizikia, wakuambie kuna chembe zinazoruka bila sababu, hujapona: kijana amekwambia kweli kwamba kuruka kwa chembe si kuamua. Nimeitafuta sana njia ya kuivunja hoja hii na sijaiona, na wale wanaodai wameivunja nawatilia shaka. Hiari ya mtu kujiumba mwenyewe kutoka patupu haishikiki. Hata ukitaka kumwomba Mungu akupe, hujui unaomba nini.

Ila nikuulize: nani alikuwa anaihitaji?

Nenda mahakama ya mwanzo yoyote hapo mkoani. Hakimu haulizi kama mshtakiwa alijiumba. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai. Inasema pia kwamba ulevi si kinga, isipokuwa kwa hali chache, kwa mfano pale mtu mwingine alipokulewesha kwa hila bila ridhaa yako hadi ukawa hujui ulifanyalo. Angalia kinachotafutwa hapo: je, mtu huyu alijua anachofanya, alijua ni kosa, na alikuwa mtu ambaye ukimpa sababu inaingia na kufanya kazi? Mtoto wa miaka minne sababu haimwingii. Mtu mzima, akiwa na akili zake, inamwingia. Huko kuingiwa na sababu, ukazipima na kujizuia au kujisukuma kwa ajili yake, hakuhitaji ujiumbe. Kunaweza kuwa na chanzo chake kwenye ubongo, kwenye malezi, popote, na bado ni kwako. Hiari hiyo haijipingi hata kidogo, na ndiyo tuliyoitumia siku zote tunapodaiana na kushukuriana.

David Hume, Mskoti, alisema jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1748: uhuru ni kuweza kutenda au kutotenda kadiri nia yako inavyoamua, na kila mtu anao asipokuwa mfungwa kwenye minyororo. Kwa mlevi, jibu hilo halitoshi. Mdogo wako hana minyororo, anataka bilauri na anaifuata. Hapo namtaka Harry Frankfurt, Mmarekani aliyeandika mwaka 1971. Alisema binadamu hatamani tu, anatamani pia juu ya matamanio yake. Kuna mtumiaji wa madawa anayetaka dozi na yuko radhi kabisa na kutaka huko. Kuna mwingine anayeitaka, huku anatamani kwa moyo wote asingeitaka. Wote wawili watameza, lakini yule wa pili anaburutwa na kitu ambacho mwenyewe hakitambui kuwa chake.

Kwa hiyo, mpwa wangu, mwulize mdogo wako asubuhi, kabla hajaonja: ungependa uwe mtu asiyetamani pombe? Ukimwuliza jioni unapoteza muda. Akisema ndiyo, basi amini kwamba pale kilabuni, mbele ya bilauri, hiari yake ilikuwa ndogo sana. Usimwambie tena "mimi niliweza".

Lakini hakuzipoteza zile ndoo alipoketi kilabuni. Alizipoteza alipozipokea mikononi mwako akiwa na akili timamu, anajijua alivyo, anajua barabara inapita wapi, na asiseme "Kaka, nipe mtu wa kunisindikiza" au "Pesa wapokee shemeji." Hapo sababu ilikuwa inamwingia. Deni lipo. Na wewe, uliyemkabidhi mlevi unayemjua ndoo sita za asali na safari ya mjini, hiari yako ilikuwa kamili, tena hujanywa miaka. Mimi ningedai ndoo mbili. Ya tatu ihesabu kuwa ada yako ya shule.

Halafu mtazame vizuri anavyojitetea. Baba yake Galen Strawson, Peter Strawson, naye alikuwa mwanafalsafa, na mwaka 1962 alieleza jambo ambalo mwanawe baadaye hakuridhika nalo. (Naam, baba na mwana, kama ninyi chini ya mwembe.) Alisema kinyongo, shukrani na msamaha si mapambo unayoweza kuvua, ndivyo watu wanavyoishi pamoja. Mtu tukimwona hawezi kabisa, kwa ugonjwa au kwa utoto, tunaacha kugombana naye na kuanza kumwangalia, kumtibu, kumwekea mipaka. Sasa mdogo wako anataka asidaiwe kama mtoto, halafu kambini agawiwe kama mtu mzima. Mwambie achague moja. Akichagua utoto, chakula atapata kwako kila siku, na mizinga hatagawiwa. Nakuhakikishia atachagua deni.

Nimefika mahali pa kutabasamu. Unasema "niliamua mwenyewe", halafu kwenye aya ile ile yumo baba mkwe aliyekuondoa kijijini, yumo mke anayeshika pesa, na imo njia ya nyuma ya zahanati. Kweli hayo umeyaona madogo? Kwenye mizinga hujawahi kumwamuru nyuki aingie. Unachagua mti, unapaka nta, unaning'iniza, unaondoka. Ndivyo ulivyoachana na pombe. Hukuishinda tamaa kwa kuitolea macho. Uliipangia mazingira ya kufa njaa. Na kupanga huko ni wewe uliyefanya. Hakuna aliyekulazimisha kukabidhi pesa kwa mkeo, tena wanaume wengi wa huko wangeona ni aibu. Sababu ilikuja, ukaisikia, ukaitii siku baada ya siku. Kijana hana hoja inayoweza kukunyang'anya hilo.

Kinachoondoka ni kile kidogo ulichoongeza juu yake, yaani kwamba wewe ni mtu bora na mdogo wako ni mtu duni. Kuwa na baba mkwe wa namna ile hukukufanya wewe. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika kutekwa na pombe inatokana na urithi, na ndugu wa tumbo moja hawarithi sawasawa. Yeye hana mke wa kumshikia pesa na analala akisikia kelele za kilabu ukutani. Huenda ungebadilishana naye mngebadilishana na barua. Kuna profesa wa Stanford, Robert Sapolsky, aliyewachunguza nyani wa Kenya kwa miaka mingi kabla ya kugeukia binadamu. Yeye anakwenda mbali zaidi, anasema hiari haipo kabisa, hivyo lawama na sifa zote hazina msingi. Namfuata kwenye dharau: haina msingi. Kwenye deni simfuati.

Mkeo naye hajakunyang'anya kitu, na usimwonyeshe uso uliokunjamana. Hukuniambia nyumba yenu ni ya msikiti au ya kanisa, ila mabishano haya yamo kote. Wakristo walikuwa na Erasmus aliyeandika mwaka 1524 kuitetea hiari, na Luther akamjibu kwa ukali mwaka uliofuata. Waislamu walikuwa nayo mapema zaidi, Jabria wakisema mja hana lake, Kadaria wakisema matendo ni yake mwenyewe, hadi al-Ash'ari wa Basra akatafuta njia ya kati: Mungu huliumba tendo, mja hulichuma, yaani hulifanya kuwa lake. Mimi, kuliko maneno ya wanazuoni hao, napenda kisa cha Khalifa Umar. Alikuwa safarini kwenda Sham, yaani Siria na nchi za jirani yake, akapata habari kwamba huko kumeingia tauni, akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubaida, amiri wa jeshi lake huko, akamwuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akamjibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Akampa mfano wa ngamia walioshuka bondeni lenye upande wa majani na upande mkavu: ukiwalisha huku au kule, kote ni kwa kadari yake, na bado mchungaji anapeleka ngamia kwenye majani. Mkeo akisema Mungu ndiye aliyekuachisha, mwitikie amina, kisha mwambie na yeye asante kwa kushika pesa.

Wale vijana wanaoletwa kwako, acha kuwaambia "amua". Wengi wao wameshaamua mara nyingi, kila asubuhi. Waambie habari za njia ya zahanati. Waulize pesa zao hupita mkono gani, na jioni hukaa na nani.

Kijana wako mwenyewe usimjibu kwa ile hoja ya kwamba kama hakuna hiari mbona ananishawishi. Watu huipenda, lakini atakujibu mara moja kwamba maneno nayo ni sababu, na sababu hubadilisha ubongo, na atakuwa amesema kweli. Tena hapo ndipo mtakapokutana: kama maneno yanambadilisha mtu, basi kuna tofauti kati ya mtu anayebadilishwa na maneno na mtu anayehitaji dawa au kamba, na tofauti hiyo ndiyo hiari tuliyobaki nayo. Mwachie aitafune likizo nzima.

Jambo la mwisho linaniogopesha kuliko falsafa yote. Mdogo wako anataka mwende wote kambini, kama ulivyopelekwa wewe. Mtu anayekunywa sana kila siku akikatiwa ghafla, katika siku chache za mwanzo anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Baba mkwe wako, Mungu amrehemu, alikuokoa na papo hapo alikuhatarisha, maana porini hakuna daktari. Kabla ya msimu mpeleke hospitali ya Kitete, pale Tabora mjini, waeleze anakunywa nini na kiasi gani bila kuona haya, waangalie kama aachishwe kwa dawa akiwa pale pale. Akitoka salama, mchukue kambini, na akae porini hadi mavuno yaishe. Ndoo mbili zitoke kwenye fungu lake, mkubaliane hivyo sasa, mbele ya mkeo. Na mjini safari hii asali apeleke mtu mwingine.

Mjomba